Mwalimu Aliyetufundisha Bruges

Kwetu Tanga, na Tanzania nzima, jina la Mwalimu lina mwenyewe, na mtu halitoi hovyo. Ilinichukua karibu mwaka kumwita hivyo mzee wa Kikongo aliyepanga chumba cha pili kutoka changu, katika nyumba moja kuukuu ya mtaa wa Bellevue, Johannesburg, iliyokatwakatwa kwa mbao ikawa vyumba tisa. Nyumba nzima ilimwita Mwalimu. Mimi nikawa namwita mzee wa chumba cha pili, kwa ukaidi tu, mpaka nikaona ukaidi wenyewe ni wa kijinga, maana nilikuwa nimeshafundishwa naye bila kutaka. Zile mbao ni nyembamba. Nikikaa kwenye cherehani nilisikia kila neno la darasa lake, na alichokuwa akifundisha ni mji.

Mji wenyewe ni Bruges, kule Ubelgiji, mji wa kale wa matofali na mifereji. Yeye hakuwahi kuukanyaga. Alitoka Lubumbashi kwa basi akaja Johannesburg, na bahari, nadhani, aliiona kwenye picha tu. Lakini hata leo ukinigutusha usingizini nitakutembeza kwa mpango wake. Unaanza na uwanja wa soko. Juu yake umesimama mnara wa kengele, ngazi mia tatu sitini na sita, nyembamba hata anayepanda na anayeshuka wakikutana lazima mmoja ajibanze ukutani. Ukishuka, unakula chipsi kwenye vibanda vilivyo chini ya mnara. Kisha unakata kichochoro na kutokea uwanja wa pili, penye jumba la mji lililojaa sanamu ukutani, na pembeni kanisa dogo lenye giza ambamo wanatunza kitambaa kinachosemwa kina damu ya Yesu. Kisha mashua, nusu saa mferejini, unainamisha kichwa kila mnapopita chini ya daraja. Kisha Kanisa la Mama Yetu, na ndani yake Maria wa marumaru. Mkabala nalo hospitali ya zamani, ambako masista waliuguza wasafiri na maskini. Kisha nyumba nyeupe za watawa wa kike, chini ya miti mirefu iliyoinama upande mmoja. Kisha ziwa la bata weupe wenye shingo ndefu. Na mwisho, kama miguu ingalipo, vinu vya upepo juu ya boma la kale.

Mpango huo haukubadilika. Ukianza na bata, alikurudisha kwenye mnara.

Wanafunzi wake walikuja Jumapili baada ya ibada, wakiwa bado na nguo za kanisani, wakakaa uani kwenye madumu ya maji yaliyofudikizwa. Wengi walikuwa Wakongo, wachache Warundi, na mara moja moja mtu wa kwetu. Hakuna hata mmoja aliyetaka kuona mnara. Kila mmoja alikuwa na mtu wake Ulaya, mume, mama, dada, na alitaka viza ya kwenda kumwona. Kazi ya Mwalimu ilikuwa kumficha huyo mtu, mwombaji aonekane mtalii tu.

"Weye ni turisti," alikuwa akiwaambia, akinyoosha chaki. "Hauna ndugu kule. Hauna hata mutu. Unaenda kuona muji, unarudia kwako. Njo ile tu."

Sheria hiyo ilikuwa na asili yake. Miaka kabla sijahamia, mama mmoja wa nyumba ileile alikwenda kuomba viza akasema kweli, kwamba anamfuata mumewe, akanyimwa. Barua ya kumkatalia ilisema nini hasa, hakuna aliyekumbuka. Lakini nyumba ilishika somo moja: ndugu anaua viza. Sisi wageni ndivyo tulivyo, jambo likimpata mmoja wetu mara moja tunaligeuza sheria, na tunarithishana sheria kama sufuria. Baadaye binti yake Mwalimu alikwenda akiwa turisti, kafundishwa na baba yake kuandika hana ndugu popote, akapewa viza. Basi, nani angebisha tena?

Huyo binti alikuwa mwanawe wa pekee. Mimi sikumkuta, nilimjua kwa simu. Alifika kule akabaki, akahangaika miaka na karatasi, akapata kazi katika nyumba ya wazee hapohapo Bruges, ya kuwaogesha na kuwalisha. Kila Jumamosi alipiga, na Mwalimu aliniita ili binti aniamkie. "Shikamoo mama," alikuwa akiniambia kwa Kiswahili changu, maana baba yake alimwambia watu wa pwani wasipoamkiwa hununa. Ilikuwa kweli.

Kitabu kilichomfundisha Mwalimu alikinunua kwa muuza vitabu wa kando ya barabara, mtaa wa Hillbrow. Kitabu cha kuongoza watalii, cha Kifaransa, hakina jalada, na kurasa zimekatika pale kwenye vinu vya upepo. Ndiyo maana mji wake uliishia hapo. Nilimwuliza siku moja, baada ya vinu kuna nini? Akafikiri, akasema, "Nyuma ya pale kitabu kinaisha, mama, na turisti anarudia hoteli."

Alikuwa na majibu ya namna hiyo. Aliyatoa bila kucheka, hata hujui kama anakutania. Turisti hana haraka, alisema, mwenye haraka ni mwenye njaa. Turisti haulizi kama kuna kazi, anauliza kama kuna mvua. Turisti akiona kitu kizuri haombi Mungu, anapiga picha. Aliwafanyisha mazoezi ya kutembea. Akina mama wa makamo, wafanyabiashara wa sokoni waliozoea kubeba mabunda, akawazungusha uani mikono nyuma, shingo juu, kana kwamba wanatazama mapaa. Nilikuwa nikiacha kushona nije mlangoni kucheka.

Nami nilikuwa mshirika, nisijitoe. Mwalimu aliwaleta kwangu niwashonee koti la safari. Lisiwe zito, alisema, mtu anayehama ndiye anayevaa nguo zote. Nikashona makoti mepesi ya turisti kwa watu ambao kama wangefika wangetetemeka mpaka mifupa. Alinieleza kuwa Bruges ilipata utajiri wake wa kwanza kwa nguo, sufu na vitambaa, na kwamba hadi leo wanawake wake wanafuma lesi kwa vijiti vingi vya mbao, mikono inakwenda huku na huku, jicho halifuati. Nilimwuliza lesi hizo hufuliwa vipi, na nani. Alikiri kitabu hakisemi.

"Sasa kwa nini mji huo?" nilimwuliza. Mtu wa Kongo, kusifia Ubelgiji vile, ilinikera kidogo, nami sipendi kujifanya haikunikera. "Miji yao yote mikubwa mnasema imejengwa kwa mpira wenu na shaba yenu."

"Njo maana niliuchagula huu," akasema. "Huu ulitajirikaka na nguo, zamani, batu yake hawajatujua bado. Ukiangalia ule munara, hauna deni yetu. Nilitafuta muji mumoja wa kule wenye naweza kupenda bila kasirani."

Nilimnyooshea suruali yake bure siku hiyo.

Siku za kazi alikuwa mlinzi wa magari Sandton, katika maegesho ya wazi nyuma ya maofisi. Fulana ya kung'aa juu, viatu vilivyopigwa rangi chini. Alifundisha historia miaka kumi na tisa kwao, akaja huku kuwaonyesha watu wa benki jinsi ya kurudisha gari nyuma. Hakulalamika mbele yangu, ila alikuwa na tabia ya kuyataja magari kwa wenyewe na wenyewe kwa magari, na kusema hakuna hata mmoja angemtambua bila fulana. Mmoja tu alimtambua. Mkenya kijana, mtu wa ofisini, alimwambia siku moja kwa Kiswahili chao kwamba anakwenda likizo Ulaya na hajui aone nini. Mwalimu akampa Bruges yote, kuanzia mnara, pale robot, taa za barabarani za kutokea maegesho, magari yakipiga honi nyuma. Yule kijana alikwenda kweli. Aliporudi alimletea kipande cha sumaku chenye picha ya mnara, akamwambia, mzee, yote uliyosema ni vile, ila hukuniambia kuna foleni.

Mwalimu hakuwa na friji ya kubandika sumaku. Aliibandika kwenye fremu ya chuma ya mlango. Na kuanzia Jumapili ile aliingiza foleni kwenye somo: "Waambie ya kwamba unajua kuko foleni, utafika asubuhi."

Sasa niseme la pili kuhusu yeye, ambalo halikupatana na la kwanza. Alichukia uongo. Binti yangu Zuhura, aliyezaliwa hapahapa na anayenijibu Kiingereza nikimsemesha Kiswahili, alimdanganya siku moja kwamba amemaliza kazi ya shule. Mwalimu alifungua daftari, akaliona jeupe, akakaa naye chini saa nzima. Hakumgombeza. Alimweleza kwamba uongo mmoja hauna mwisho, kwamba kila siku utaulisha, nao utakua kukupita. Zuhura alilia. Nikasimama mlangoni nikamwambia, Mwalimu, na hao wa Jumapili je? Akasema wale hawadanganyi mtu, wanadanganya dirisha la viza. Nilimwambia njia ya mwongo ni fupi, iwe kwa mtu au kwa dirisha. Akatabasamu, akasema methali za pwani ni nzuri sana kwa batu wenye wako na pasipoti ya muzuri.

Hilo liliniuma, maana ni kweli sikuwa na mtu Ulaya wa kumwendea. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Dalili zilikuja, hatukuzisoma. Kinyozi mmoja wa Kirundi, mwanafunzi wake hodari, alirudi kutoka kwenye mahojiano akicheka. "Sharp kabisa," alituambia uani, yaani mambo safi. Bibi wa dirishani alitabasamu tangu alipotaja chipsi, na alipofika kwenye bata, bibi huyo alimalizia mwenyewe: na sasa vinu vya upepo, siyo? Kinyozi aliona ni urafiki. Mwalimu alifurahi, akasema mwisho wamekutana na mtu anayeupenda ule mji. Baada ya wiki tatu kinyozi alinyimwa. Mwalimu akasema alikimbiza maneno. Akaja mwingine akanyimwa, na huyo alisemekana alivaa vibaya. Koti nililomshonea lilikuwa zuri, nalisema wazi.

Hatukuona jambo ambalo hata Zuhura angeliona. Watu kadhaa wa Johannesburg, wengine walinzi, wengine wasusi, wote walitaka kuona mji uleule, kwa mpangilio uleule, wanaanza na mnara na kuishia kwenye vinu, wote hawana ndugu, wote wanajua kuna foleni.

Binti yake Mwalimu aliugua mwaka jana, msimu wa baridi yetu. Saratani ya tumbo, ilishaenea walipoigundua. Simu za Jumamosi zikawa za kila siku, kisha fupi. Nilimsikia kupitia mbao, sauti ya binti kwenye spika, "Papa, kuya. Papa, ukuye tu." Mwalimu alimjibu kwamba anakuja. Alimwambia hivyo kila siku, na kila akimaliza simu alitoka uani akasimama akiwa hana la kufanya na mikono yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi ni mzazi. Nilikuwa nikimpelekea chai anaisahau mkononi mpaka inapoa.

Hospitali ya kule ilimtumia barua. Niliishika mimi mwenyewe. Ilisema mgonjwa huyu ana hali mbaya na anamwomba baba yake awepo. Ilikuwa na muhuri na jina la daktari. Nikamwambia, "Mwalimu, hii ndiyo viza yako. Ipeleke hii, sema mwanao anakufa. Usitaje mnara."

"Ndugu anauaka viza, Mama Zuhura."

"Huyu anakufa mwenyewe."

Nilisema vibaya, najua, lakini nilitaka asikie. Alikunja barua, akaiweka chini ya godoro. Akaniomba nimshonee koti jepesi. Namlaumu kwa hilo, na najilaumu zaidi, kwa sababu nilishona. Ningelikataa pengine angekaa akafikiri. Nilishona kwa siku mbili, kola nikaitilia kitambaa cha ndani cha hariri, nikijiambia huyu si mwanafunzi, huyu ni mwenyewe, atafaulu.

Alinisimulia mahojiano siku hiyohiyo, amekaa kwenye kiti changu cha wateja, koti bado mwilini. Bibi wa dirishani alikuwa na adabu. Alimwuliza anakwenda kuona nini. Akaanza na mnara. Alipofika kanisa la damu akaona bibi ana karatasi mbele yake na anatia alama kila anapotaja kitu, kama mwalimu anayesahihisha. Hapo akaelewa. Lakini mdomo, alisema, uliendelea, maana ulizoea. Akafika kwa Maria wa marumaru. Katika somo lake alisisitiza sana hapo: sema ya kwamba mama hamtazami mtoto aliyesimama katikati ya magoti yake, anatazama chini, pembeni. Ukisema hivyo watajua umesoma. Akasema hivyo. Bibi akatia alama.

"Halafu akaweka kalamu chini," Mwalimu akaniambia. "Akaniuliza, mzee, uko na ndugu kule Bruges? Nikasema hapana. Akangoja. Akaniuliza tena, polepole. Hata mwana? Nilimwona, mama. Alikuwa anataka niseme. Ule mwanamuke alikuwa ananifungulia mulango."

"Ukasema nini?"

"Nikasema sina mwana."

Nimeishi nchi hii miaka kumi na nne. Nimefukuzwa na kundi barabarani, duka la jirani yangu limechomwa nikiona. Sijawahi kuingiwa na baridi kama ile niliyoipata kwenye kiti changu cha kushonea, mchana, jua likiwaka dirishani. Alikuwa analia, machozi yakishuka kwenye kola ya hariri, naye hajifuti.

Barua ya kumkatalia ilikuja upesi. Madhumuni ya safari hayaaminiki. Sasa akaitoa barua ya hospitali chini ya godoro, na safari hii alinisikiliza. Tukajaza fomu upya na ukweli wote, mimi nikimsomea maswali, Zuhura akiandika. Tukaandika baba. Tukaandika mwana wa pekee. Tukaeleza kwamba mara ya kwanza alisema uongo kwa woga na anaomba radhi. Tukaambatanisha picha za orodha ya simu zao za Jumamosi. Nikafanya dua, yeye akafunga na kusali kwa namna yake, na nyumba yote ilijua, watu walipunguza redio.

Ilikataliwa, na sababu ndiyo iliyommaliza. Mara ya kwanza mwombaji aliulizwa mara mbili na akasema hana mtoto. Na yule aliyemtaja kuwa binti yake, walipoangalia karatasi zake za kule, za miaka yote tangu alipofika, kila mahali palipoulizwa wazazi alikuwa ameandika hana. Ndivyo alivyofundishwa. Alifaulu somo la baba yake, akaendelea kulifaulu mwaka baada ya mwaka, kila fomu.

Mwalimu alisoma mstari huo mara nyingi. Jioni alifuta ramani ya chaki aliyokuwa ameichora ukutani uani, akaifuta kwa maji na fagio, na Jumapili iliyofuata wanafunzi walikuta mlango umefungwa. Mwisho wa mwezi alihama. Walisema yuko Hillbrow, amebanana na watu sita kwenye ghorofa moja, bado anakwenda Sandton. Nilipiga simu yake, haikupokewa. Sikuenda kumtafuta. Ningeweza kusema ni kazi nyingi, lakini kweli ni kwamba niliogopa kumwona.

Alikuja mwenyewe, asubuhi moja mwezi wa tisa. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano nikaona viatu kwanza, havikupigwa rangi. Amekonda, ndevu nyeupe zimemea. Nikasimama. Aliniamkia vizuri, akauliza habari za Zuhura, akangoja jibu, kisha akasema, "Alishakufa. Siku ya ine." Ndivyo waitavyo Alhamisi.

Nilimshika mikono. Hakutaka kukaa. Alisema mfanyakazi mwenzake binti kule Bruges amempigia simu. Maiti iko hospitali. Kwa karatasi zake, marehemu hana mtu duniani, na mji utamzika wenyewe kama wanavyozika watu wasio na ndugu, bila kumngoja mtu, bila jina la baba kwenye karatasi wala kaburini. Yule mwenzake aliuliza ofisi ya mji kama kuna njia. Wakasema baba alete kiapo, kilichogongwa muhuri, kwamba ni mwanawe, na mtu mwingine anayewajua athibitishe. Watakitazama. Hawakuahidi.

"Nilifikiri batu wote wenye banatujua," alisema. "Bote nilibafundisha kusema hakuna mutu anajua mutu. Unabaki weye."

Nikafunga cherehani, nikachukua kitambulisho, tukatoka. Hatukupanda taksi, kituo cha polisi, ambako huku ndiko viapo hugongwa muhuri, si mbali, na alitembea haraka hata nikamwachia mkono. Foleni ilikuwa ndefu: watu wa vitambulisho vilivyopotea, mama mmoja na nakala za vyeti vya wanawe, vijana wa kuomba kazi. Tukasimama karibu saa nzima.

Askari wa dirishani alikuwa mwanamke mtu mzima, miwani imening'inia shingoni. Alimwita baba, kwa heshima, kama wanavyowaita wazee wote. Alitupa fomu mbili. Yangu niliijaza haraka: kwamba nimeishi na mzee huyu nyumba moja, kwamba kila Jumamosi kwa miaka nilimsikia binti huyu akimwita papa, kwamba aliniamkia kila mara. Nilipomaliza nikaona fomu yake bado nyeupe. Askari akamchukulia fomu, akasema atamwandikia, yeye aseme tu. Akamwuliza jina lake, tarehe, mahali anapoishi, akaandika. Kisha akauliza, kwa Kiingereza, marehemu ni nani wako, baba?

"Mwanangu," akajibu kwa Kiingereza.

Askari akaandika. Alimsomea yote polepole, akagonga kalamu chini ya mstari wa sahihi, akamwambia ainue mkono wa kulia aape kwamba aliyosema ni kweli. Mwalimu akaweka sahihi, akainua mkono.

"Ni mwanangu," akasema.

"Eish, baba, hilo nimeshaliandika. Sema tu unaapa."

"Naapa. Ni mwanangu." Kisha akaiacha lugha ya yule askari, akasema kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili cha kwao, sauti ikipanda. "Niko na mwana. Ni miye nilimuzala. Niko na mwana kule Bruges, ni wangu, ni mwana wangu."

Askari alinitazama mimi, hakuwa ameelewa neno, akagonga muhuri na kumsogezea karatasi. Mwalimu hakuichukua. Alikuwa bado ameinua mkono, anamwambia askari wa dirishani kwamba ana mwana.